Furu wa Chumba cha Nyuma

Supavaiza wangu alifunua mfuniko wa beseni la pembeni kabisa, akamulika na tochi, akaniambia njoo uone, hawa ni wa kwenu.

Nikainama. Mwanzoni niliona maji tu na kipande cha bomba la plastiki kimelazwa chini ili wapate pa kujificha. Afu akatoka samaki dume mmoja, hafiki hata urefu wa kiganja changu, mgongo mwekundu wa kuwaka, ubavu wa njano, mistari myeusi imemshuka toka mgongoni mpaka tumboni. Akapanda mpaka karibu na uso wa maji, akatanua mapezi yote, akasimama hapo. Pembeni ya beseni kulikuwa na lebo yenye jina la kitaalamu: Pundamilia nyererei, na chini yake kwa kalamu, Ghuba ya Mwanza, Tanzania.

Mi nimezaliwa Mwanza. Nimekulia Kirumba, ukitoka kwetu unashuka mwaloni kwa mguu na hujachoka. Furu, hawa samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nimewaona tangu napata akili, wakavu, wa kijivu, wamechanganyika na dagaa kwenye sado, mama anawachambua anawaweka pembeni.

Aliye hai, na rangi zake, sikuwahi kumwona hata mmoja.

Siku ile nilimaliza kazi nikapanda basi nikarudi chumbani nikidhani limeisha, kumbe ndo limeanza, wiki zimepita na bado nikiosha vyombo nawaza, nikiwa kwenye foleni dukani nawaza, kwa hiyo nimeamua kuliandika lote kama lilivyo.

## Kuosha, kukata, kuandika

Nipo fildi kwenye akwariamu ya umma, jengo la kuonyeshea samaki, ya mji mmoja wa Marekani ulio ndani ya nchi, mbali kabisa na bahari, hata maji ya bahari wanayatengeneza wenyewe, chumvi inakuja kwa magunia inachanganywa na maji ya bomba yaliyochujwa. Mbele kuna madirisha makubwa ya akriliki, plastiki ngumu kama kioo, kuna papa, kuna kasa, watoto wa shule wamebandika viganja. Nyuma kuna korido nyembamba, sakafu imelowa muda wote, mabomba yamepita juu ya kichwa kila upande, na mlio wa pampu ambao hauzimi usiku na mchana. Siku za kwanza ule mlio unachosha. Baadae unakuwa ndo unaokutuliza, maana ukibadilika hata kidogo kila mtu anaacha alichoshika anainua kichwa kusikiliza.

Kazi inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jikoni. Samaki wanaolishwa wanyama pale ni wa daraja la kuliwa na binadamu, wanatolewa kwenye friza wanayeyuka taratibu kwenye friji usiku kucha, asubuhi unakagua mmoja mmoja, mwenye jicho lililozama au ngozi iliyochanika anatupwa, unakata, unapima kwenye mizani, unaandika. Wengine wanawekewa vidonge vya vitamini, hasa B1, unakichomeka ndani ya shavu la samaki, kwa sababu baadhi ya samaki wa kugandishwa wana kimeng'enya kinachoiharibu hiyo B1 na mnyama anaweza kuugua huku anashiba kila siku. Hilo sikulijua kabla. Kuna mambo mengi ya namna hiyo, mambo madogo ambayo mtu asipoyafanya hakuna kinachoonekana leo wala kesho, kinaonekana baada ya miezi.

Afu ndo usafi, na usafi ndo kazi yenyewe. Unanyonya uchafu wa chini kwa mpira, unasugua mwani kwenye kuta, unajaza maji uliyopunguza, unachukua sampuli unapima. Samaki anakula, ananya na anapumua ndani ya maji yaleyale, amonia inamtoka mpaka kwenye mashavu ya kupumulia, na hiyo amonia ikijaa inamuua kabla hata njaa haijamgusa. Kinachomwokoa ni bakteria wanaokaa kwenye filta, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti, kundi lingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo madhara yake ni madogo sana. Ndo maana sponji ya filta ikijaa uchafu huipeleki kwenye bomba ukaifua, klorini itawaua wale bakteria wote na ndani ya siku chache utaanza kuokota samaki. Unaikamua kwenye ndoo ya maji yaleyale ya tanki, taratibu, unairudisha.

Kila tanki lina kijavu chake, mpira wake, ndoo yake. Samaki mgeni anakaa karantini kama mwezi mzima peke yake kabla hajakutana na wenzake, na ukitoka karantini unapita kwenye beseni la dawa na viatu vyako. Nikiangalia nidhamu ile natamani sana mabwawa yetu ya sato huko nyumbani yangekuwa na hata nusu yake.

Chumba cha furu kipo mwisho wa korido. Mlango hauna bango. Mgeni aliyelipa tiketi hafiki pale, na wengi wa wanaofanya kazi mbele hawajui kama kipo.

## Wamefikaje huku

Habari ya sangara, samaki mkubwa aliyepandikizwa ziwani akawala furu, mnaijua, sitairudia yote. Mi kinachoniuma ni jinsi miaka ilivyofuatana.

Sangara aliletwa miaka ya 50 mpaka mwanzoni mwa 60, akakaa muda mrefu bila kishindo, halafu miaka ya 80 akafumuka ziwa zima. Mwanza kwetu kulikuwa na timu ya Wadachi wa chuo kikuu cha Leiden walioanza kazi mwaka 1977, wanashirikiana na watu wetu wa uvuvi, na kazi yao ilikuwa kujua furu wako wa aina ngapi na nani anakula nini. Na walikuta maajabu. Kuna furu wa kuvunja konokono, furu wa kukwangua mwani kwenye mawe, wa kula uduvi, wa kula samaki wenzao, wapo hata waliokuwa wanaishi kwa kupora mayai na watoto kutoka mdomoni mwa majike wengine. Aina zaidi ya 500 kwa ziwa zima. Na wanaosoma tope la chini ya ziwa wanasema lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita likajaa tena, kwa hiyo utajiri ule ulijitengeneza kwa kasi ambayo wataalamu mpaka leo wanaishangaa.

Basi wakiwa katikati ya kuhesabu, wavu ukaanza kurudi mtupu. Kufikia mwisho wa miaka ya 80 sehemu za ghuba zilizokuwa zinatoa furu kwa wingi zilikuwa hazitoi kitu. Makadirio yanayotajwa sana ni aina kama 200 zimepotea, zingine zikiwa hata jina halijaandikwa.

Na sio sangara peke yake, hili natamani lingesemwa zaidi. Miaka ya 70 palikuwa na kiwanda Mwanza kinasaga furu kuwa chakula cha mifugo, meli za kukokota nyavu zinawabeba kwa tani. Mashamba na miji nayo ikaanza kutiririsha mbolea na maji machafu mpaka ziwa likawa la kijani. Tukimtupia sangara lawama zote tunajipa nafuu ambayo hatustahili.

Aina chache zilisafirishwa zikiwa hai. Zingine zilienda maabara za Uholanzi, na mwanzoni mwa miaka ya 90 akwariamu na bustani za wanyama za Marekani zikawa na mpango wa pamoja wa kuwazalisha furu wa Victoria, mmoja wa waliousukuma ni Les Kaufman wa Boston. Hawa ninaowalisha mimi ni vitukuu vya vitukuu vya safari hizo. Ziwa hawajawahi kuliona.

Yule mwekundu wa beseni la pembeni bado yupo kwenye mawe ya visiwa vyetu, hajaisha. Els Witte-Maas na Frans Witte, wa timu ile ya Leiden, walimwandika rasmi mwaka 1985 wakampa jina la Mwalimu, mwaka uleule Mwalimu anang'atuka. Nimesoma Mwanza toka chekechea mpaka kidato cha sita. Nimechora ramani ya ziwa sijui mara ngapi. Hakuna siku nilisikia kwamba kuna samaki wa ghuba yetu anaitwa Nyerere, nimekuja kuambiwa na mama wa Kimarekani kwenye chumba kisicho na dirisha.

Ila mabeseni mawili ya upande wa kulia ni habari nyingine. Daftari linasema aina ile haijapatikana tena ziwani tangu miaka ya 80. Ukiwachota wote wanaingia kwenye ndoo mbili.

Ndoo mbili.

## Mjomba anauliza

Jumapili moja nilikuwa zamu, supavaiza akaniruhusu, nikampigia mjomba kwa video. Mjomba anavua dagaa kutokea Igombe, miaka yote ya utoto wangu ndo yeye alikuwa anatuletea mboga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, za huko baridi?"

Nikamgeuzia kamera kwenye beseni. Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Huyo si furu?"

"Ndo mwenyewe."

"Wa mawe huyo. Mbona kawaka hivyo? Huku ukimtoa tu majini rangi inakimbia." Akamwita mtu nyuma yake aje aone, wakawa wawili kwenye kioo. "Sasa wazungu wanamfuga wamle?"

Nikamwambia hapana, wanatunzwa tu wasiishe, kuna mtu analipwa kwa ajili yao, kuna daktari wa wanyama anakuja kuwaangalia. Mjomba akanisimulia kwamba furu wadogo bado wanaingia kwenye nyavu za dagaa usiku wanapovua na taa, na kwamba wao wakiwapata wakubwa kidogo wanawachomeka kwenye ndoano za kuvulia sangara, sangara akipatikana bondo lake, kile kibofu cha hewa, linaenda kwa mnunuzi, hela inaonekana. Hakusema kwa ubaya. Ndo maisha yalivyo pale, na mimi ada yangu ya sekondari ilitoka humo humo.

Afu akasema babu yetu alikuwa anapenda kusimulia kwamba zamani ukivuta kokoro la furu mtaa mzima unakula, mwenye hela na asiye na hela.

"Kwa hiyo utawarudisha lini?"

Nikasema mjomba, sio rahisi hivyo. Akasema sawa, lakini wewe si ndo uko nao? Mtandao ukakata kweli.

Hilo swali ndo limenila wiki zote hizi. Mjomba hakuuliza kama wana thamani, wala nani kawapa ruhusa, aliuliza kitu ambacho mtu yeyote aliyeazimwa kitu anaulizwa.

## Jike asiyejulikana

Furu jike anatunza mayai mdomoni. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la chini karibu na mkia, yanafanana na mayai, jike akitaga anayaokota yake haraka haraka afu anajaribu kuyaokota na yale madoa, na hapo ndo mbegu za dume zinamwingia mdomoni yanarutubishwa. Baada ya hapo anafumba mdomo wiki mbili mpaka tatu, hali, shavu limevimba, anajitenga pembeni. Sisi kazi yetu wakati mwingine ni kumshika kwa mkono uliolowa na kumtemesha watoto kwenye chombo kidogo ili tujue idadi na tuwalee peke yao. Mara ya kwanza nilipomshika nilisikia mapigo yake kwenye vidole. Anatoa watoto mmoja mmoja, kila mmoja macho makubwa, na akimaliza anarudi kwenye maji kwa kasi kama kaibiwa. Nilikaa muda mrefu na kile chombo mkononi.

Sasa shida ni kwamba majike wa aina tofauti wanafanana sana, kijivu kwa kijivu, hata supavaiza mwenye miaka mingi kwenye kazi hathubutu kuapa. Anayetambulika ni dume kwa rangi. Ndo maana mifuniko ni sheria kali kuliko zote kwenye kile chumba, furu anaruka, na akiruka kutoka beseni hadi beseni hakuna njia ya haraka ya kujua nani ni nani.

Asubuhi moja tulikuta mfuniko umesogea. Pampu ya hewa ilikuwa imetetemesha mpaka ukasogea wenyewe usiku. Beseni moja lilikuwa limepungukiwa jike mmoja kwa hesabu ya daftari, la jirani limezidi mmoja.

Jirani lilikuwa mojawapo ya yale mawili ya kulia.

Supavaiza aliangalia mle ndani dakika nyingi. Majike wote wakubwa wa lile beseni wakatolewa, kila mmoja akawekwa peke yake, picha zikapigwa, meno yakaangaliwa kwa lenzi, wawili tu ndo alikubali kuwatambua. Waliobaki akaandika hawajulikani. Wakahamishiwa tanki lingine ambako hawatazaa tena, wataishi vizuri, watakula, watakufa kwa uzee, ila kwenye ukoo hawamo. Samaki wazima kabisa, hawana ugonjwa, hawana kosa, wametolewa kwenye historia ya aina yao kwa sababu ya mfuniko wa plastiki.

Nilirudi nyumbani siku ile nimevunjika. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba pale wako salama.

## Ziwa halikukaa kusubiri

Nikaanza kusoma usiku, na kusoma kukanizidishia mashaka.

Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake, akiwemo Frans Witte, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba majike wa furu wanachagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, aina zinaanza kuchanganyika. Kwa huyu wetu mwekundu jirani yake wa karibu ni Pundamilia pundamilia, dume lake ni la kibluu. Maabara walipowasha taa ya rangi ya chungwa tupu majike wakashindwa kuwatofautisha. Na ziwani ukienda kisiwa cha Makobe ambako maji ni maangavu wekundu ni wekundu na wa bluu ni wa bluu, ukiingia ndani kabisa ya ghuba mpaka kisiwa cha Luanso ambako maji ni tope unakuta wa katikati tu, si huyu si yule. Yani aina inaweza kufa bila samaki hata mmoja kuliwa. Inatosha kuyafanya maji yasipitishe mwanga.

Afu kuna furu wa pili, Haplochromis pyrrhocephalus. Huyu alikuwa karibu amepotea kabisa ghubani, miaka ya 90 sangara walipovuliwa sana akarudi. Witte na wenzake wakamlinganisha na wa zamani waliohifadhiwa kwenye chupa, wakakuta ndani ya miaka kama 20 mwili umebadilika, mashavu ya kupumulia yamekuwa makubwa apate hewa kwenye maji yenye oksijeni ndogo, na chakula kimebadilika, sasa anakula vitu vikubwa kuliko vile vya zamani.

Nilisoma hapo nikafunga kompyuta.

Kwa sababu huyo alibaki ziwani akajitengeneza upya. Hawa wa mabeseni ya kulia wamekaa kwenye maji masafi, hewa ya pampu, chakula mara mbili kwa siku, hawajakutana na sangara kizazi baada ya kizazi. Ziwa walilotolewa halipo tena. Hata wakirudishwa kesho wanarudi kwenye ziwa ambalo ndugu zao walilazimika kubadilika mwili ili walimudu, na wao hawajabadilika, au wamebadilika kwa mambo ya beseni, labda wamezoea kumkimbilia binadamu wakiona kivuli chake, jambo ambalo ziwani ni kifo.

Basi tunamtunza nani? Na kwa ajili ya nani?

Nilimuuliza supavaiza hivyo hivyo, tukiwa tunakamua sponji. Hakukasirika. Akasema kila anayefanya kazi kwenye kile chumba lazima afike hapo, na kwamba yeye amekubali kwamba huenda hawatarudi akiwa hai, huenda hawatarudi kabisa. Ila akasema kila mwaka kuna kikao cha nafasi, wanakaa wanaamua tanki lipi libaki na lipi lipishe wanyama wanaoleta wageni, na kila mwaka anaingia kile kikao kuwatetea hawa wa kijivu. Nikamuuliza akistaafu? Akaendelea kukamua.

Sijamlaumu na sitamlaumu. Mtu wa mbali kabisa, hana ndugu Mwanza, hajawahi kula furu, anapigania ndoo mbili za samaki wetu kila mwaka. Kuna watu wataona ni ukoloni mwingine, samaki wetu kwenye vyumba vyao. Nimeliwaza sana hilo na sehemu yake ni kweli, maana hao hao wakoloni ndo waliomleta sangara. Lakini ukweli mwingine ni kwamba wasingewachukua zile siku, sasa hivi tungekuwa tunagombania mifupa kwenye chupa.

## Vyura waliorudi

Kilichonitoa kwenye giza ni Kihansi.

Wengi mnamkumbuka yule chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi. Alipatikana mwaka 1996 wakati bwawa la umeme linajengwa, anaishi kwenye eneo dogo sana la manyunyu chini ya maporomoko, hakuna pengine duniani. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, vyura 499 wakachukuliwa wakapelekwa Marekani, wakalelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na baadae Toledo. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Yani alikuwa kwenye hali ileile ya furu wa mabeseni ya kulia, anaishi vyumba vya watu tu.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, wakawekwa kwenye chumba maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao, ambako yamefungwa mabomba ya kunyunyizia maji kuiga yale manyunyu ya zamani. Hawajamaliza shida zote, kuna ugonjwa wa ukungu unaowasumbua vyura, na wamelazimika kuachia vyura awamu kwa awamu.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nasimama kwenye ule mwaka 2010. Kabla ya kurudi bondeni walirudi kwanza kwenye chumba cha Watanzania. Kuna Mtanzania alijifunza kuwalea, kuwalishia wadudu, kupima maji, kuandika daftari. Kihansi kama wangeshushwa moja kwa moja kutoka kwenye ndege mpaka kwenye manyunyu, na kuna kitu kimeharibika, nani angekuwa na akiba?

Nilipolielewa hilo, swali la mjomba likabadilika kidogo. Kuwarudisha ziwani siwezi kumwahidi, na mpaka maji ya ghuba yaangaze sidhani kama mtu mkweli anaweza kumwahidi. Kuwarudisha Mwanza, kwenye beseni, kwenye mikono ya watu wa Mwanza, hilo linawezekana.

## Hesabu

Chumba cha furu sio cha ajabu. Akriliki na papa vipo mbele, kule nyuma ni mabeseni ya plastiki, mashine moja ya kupuliza hewa, mipira myembamba, filta za sponji, vijavu, vifaa vya kupimia maji, mifuniko yenye klipu (sasa imewekwa klipu) na daftari. Vingi ya hivyo vinapatikana Mwanza mjini au vinaagizwa Dar. Joto ambalo huku linalipiwa umeme mwaka mzima, kwetu ni hali ya hewa tu. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, kuna watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, waliolijua ziwa hili kabla mimi sijazaliwa.

Nimemwandikia mwalimu wangu mmoja wa zamani. Amejibu kwamba wazo analipenda na nimletee bajeti, nisimletee hotuba. Kwa hiyo naandika bajeti. Nataka tuanze na wa mawe, hao wekundu wa jina la Mwalimu, ambao bado wapo na tukikosea hatujaua aina nzima. Tujifunze kwa hao kulea, kutemesha, kutunza ukoo bila kuchanganya, mwaka mmoja au miwili, watoto wa shule za Kirumba na Igogo waje wawaone wakiwa hai. Tukiweza, ndo niende kwa supavaiza na barua yenye mihuri kuomba wachache wa mabeseni ya kulia. Nimeshamdokeza. Aliniuliza maswali ya vibali, ya karantini, ya nani atashika funguo nikiwa sipo, akayaandika yote kwenye karatasi akanipa, kwamba ukiwa na majibu ya haya njoo tuzungumze.

Mjomba ameshataja visiwa viwili anakojua wekundu wapo kwa wingi. Amesema atatupeleka kwa mtumbwi wake ila tuweke hela ya mafuta, na tusiende mwezi wa saba kwa sababu ya upepo.

Linalonisumbua kwenye bajeti ni umeme. Ukikatika masaa sita mchana wa joto, mabeseni yamejaa, hewa imesimama, wale bakteria wa filta nao wanaanza kufa. Huku kuna jenereta inayowaka yenyewe kabla hata hujagundua. Nimepiga hesabu ya sola na betri, nimepiga hesabu ya pampu ndogo za betri kwa kila beseni, bado hazijakaa sawa na hela ninayodhani tunaweza kupata. Wiki hii nazipiga upya kwa kupunguza idadi ya samaki kwenye kila beseni, maana wakiwa wachache hewa inawatosha muda mrefu zaidi.